Orodha Kabla ya Mzigo

Katika miaka yangu ya ukuu wa chuo nilitia saini orodha zisizo na idadi: za magodoro, za chaki, za mahindi na maharage, za wanachuo waliofaulu na za wale waliotakiwa kurudia. Orodha moja niliizuia isije. Ilikuwa ya bure, haina uzito wala sanduku, nami niliizuia kwa sababu sikuelewa ni kitu gani. Nimeona vema niiweke habari yake humu, pamoja na historia yake kadiri nilivyojifunza baadaye, nilipokuwa nimekwisha kukabidhi funguo za ofisi na kupata wasaa wa kuuliza maswali niliyopaswa kuuliza mapema.

Orodha yenyewe ni ile ya programu za kompyuta zilizomo katika bohari. Wanaotumia mfumo wa Linux, wa ukoo wa Debian na Ubuntu, huiagiza kwa kuandika maneno mawili katika dirisha jeusi lisilo na picha: apt-get update. Ukibonyeza, mistari huanza kushuka. Mstari ulioanza na neno “Get” maana yake kuna karatasi mpya imeletwa. Ulioanza na “Hit” maana yake uliyo nayo ni ile ile, haina haja ya kuletwa tena. Ulioanza na “Ign” umerukwa. Mwishoni mashine husema imemaliza kuzisoma orodha za vifurushi. Basi. Hakuna programu iliyoongezeka. Kilichoingia ni habari tu: jina la kila kifurushi, toleo lake, ukubwa wake, vifurushi vingine kinavyovitegemea, na rafu kilipowekwa huko bohari. (Vijana wa siku hizi wakisikia kifurushi hufikiria dakika na megabaiti za simu. Mimi nalitumia neno hili kwa maana yake ya zamani, kitu kilichofungwa kikafungika.)

Nadhani lugha nayo ilichangia kunipoteza. Waingereza wana maneno mawili hapa, update na upgrade, nasi huyatafsiri yote mawili kwa neno moja, kusasisha. Kumbe katika kazi hii yametengana kama hati ya mzigo na mzigo. Amri ya kwanza huhuisha orodha. Ya pili, apt-get upgrade, ndiyo huleta matoleo mapya ya programu ambazo tayari unazo. Ukitoa ya kwanza bila ya pili, mashine yako hubaki kama ilivyokuwa, ila sasa inajua. Ukitoa ya pili bila ya kwanza, inafanya kazi kwa ujuzi wa zamani. Mtu aliyekulia stoo ya shule angeelewa mara moja kama angeelezwa hivyo. Mimi sikuelezwa hivyo, na kusema kweli sikumpa mtu nafasi ya kunieleza.

Orodha ya vitu vilivyo mbali niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto, Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Mwalimu wetu mmoja alikuwa akiazima vitabu kwa posta kutoka East African Literature Bureau, ile taasisi iliyoanzishwa mwaka 1948 na kufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Alikuwa na karatasi za majina ya vitabu, zimekunjwa hadi mikunjo imechanika. Jioni alikuwa akizisoma karatasi zile kama mtu anayesoma kitabu chenyewe, akiweka alama ya penseli hapa na pale. Wakati mwingine kitabu kilikuja, wakati mwingine ilikuja barua kwamba hakipo tena, maana karatasi zake zilikuwa za mwaka juzi. Hakukasirika. Alifuta alama kwa ufutio na kuweka nyingine chini yake.

Sasa nirudi kwenye kompyuta. Kizazi changu cha walimu kilichelewa kuijua. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na ingawa baadaye mlango ulifunguliwa, wengi wetu tulisoma, tukafundisha na tukaanza kuota mvi kabla ya kuigusa. Kwa hiyo mambo ninayoyaeleza hapa yalitokea wakati sisi tukipiga stensili kwa taipureta.

Mnamo Agosti 1993 kijana mmoja wa Kimarekani, Ian Murdock, alitangaza mradi wa kukusanya programu huria na kuzipanga katika mfumo mmoja. Aliuita Debian, akiunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Toleo la 1.1, la Juni 1996, lilikuwa na vifurushi 474. Orodha ya majina 474 mtu aweza kuisoma yote kwa usiku mmoja wa taa ya chemli. Wakati huo vifurushi vilichaguliwa kwa programu iitwayo dselect, ambayo ilimwongoza mtu hatua kwa hatua: kwanza chagua njia ya kuifikia bohari, pili huisha orodha ya vilivyopo, tatu chagua, nne leta na usimike. Tazama ile ya pili. Tangu mwanzo kabisa waliifanya kuwa hatua ya peke yake, mbele ya kuchagua. Machi 1999, katika toleo la 2.1, likaja APT, chombo ambacho amri yangu ya maneno mawili ni mali yake. Vifurushi vilikuwa vimefika 2,000 na ushei. Mwaka 2002 vilikuwa 8,500, mwaka 2005 zaidi ya 15,000, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 ina karibu 70,000. Hapo hakuna taa ya chemli itakayotosha.

Wingi huo ndio uliofanya orodha iwe ya lazima, na hasa kwa sababu ya utegemezi. Programu moja ya kuonyesha jedwali la elementi inataka maktaba ya kuchora madirisha, na maktaba hiyo inataka nyingine ya kuandika herufi, na hiyo nayo ina madai yake. Kabla ya APT mtu alivifukuza vifurushi hivyo kimoja kimoja. Analeta cha kwanza, anaambiwa kinadai cha pili. Analeta cha pili, anaambiwa toleo alilochukua ni la zamani mno. Ni sawa na kwenda ofisi ambayo kila dirisha linakutuma kwenye dirisha jingine. APT husoma orodha yote, hupiga hesabu ya nani anamtegemea nani, kisha huleta vyote kwa pamoja. Lakini hesabu hiyo huwa sahihi kwa kadiri orodha ilivyo mpya, haizidi hapo.

Kuna jambo moja ambalo mimi kama mtu wa leja lilinifurahisha kuliko yote nilipolifahamu. Nani anathibitisha kwamba orodha ni ya kweli? Bohari hizi zina nakala duniani kote, ambazo wenyewe huziita vioo, kwa kuwa huonyesha kilichomo katika bohari kuu. Mwenye kioo aweza kuwa mtu yeyote. Basi wakaweka mpango huu. Kila kifurushi hupigiwa hesabu inayotoa tarakimu ndefu, kama alama ya kidole. Kikibadilishwa hata herufi moja, tarakimu hubadilika. Tarakimu hiyo huandikwa kwenye orodha. Kisha orodha yenyewe nayo hupigiwa hesabu, na tarakimu yake huandikwa kwenye karatasi nyingine ndogo iitwayo Release, ambayo ni orodha ya orodha. Karatasi hiyo ndogo ndiyo pekee inayotiwa saini na wakuu wa bohari, na mashine yako ina ufunguo wa kuitambua saini hiyo. Kwa saini moja vifurushi makumi elfu vimelindwa. Debian iliuweka mpango huu katika toleo la Aprili 2007. Baadaye kwenye baadhi ya karatasi hizo wakaongeza tarehe ya mwisho wa uhalali, kwa sababu waligundua hila moja: adui aweza kukupa orodha halali kabisa, yenye saini ya kweli, ila ya miezi sita iliyopita, ili usijue kwamba kuna matundu yamezibwa. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka leja zetu. Tulihakiki saini na mihuri kwa bidii, na sikumbuki hata siku moja nilipouliza orodha hii ni ya lini.

Kwetu Linux ilikuja kwa bahasha. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, yule aliyekwenda anga za juu mwaka 2002, alitoa mfumo wa Ubuntu, uliojengwa juu ya Debian. Jina ni la lugha za kusini, ni lile lile letu la utu. Mpaka mwaka 2011 ulikuwa ukiomba, nao wanakutumia sidii kwa posta, bila kulipa hata stempu. Desemba ya mwaka ule ule wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, chini ya mradi ulioitwa Kilinux. Na kuanzia 2005 vyuo vya ualimu vya serikali vikaanza kupewa kompyuta kwa msaada wa Sweden, na hata vyuo visivyo vya serikali tukaanza kuhangaika tusiachwe nyuma. Kwa jumla kilikuwa kipindi cha matumaini. Maneno nayo yalikuwa yakitafutiwa makazi. Wengine walisema tarakilishi, wengine kompyuta. Neno moja lililokaa vizuri mno ni pakua. Chakula hupakuliwa chunguni, shehena hupakuliwa jahazini, na sasa faili hupakuliwa mtandaoni. Sidhani Mwingereza ana neno tamu kama hilo.

Sidii zetu zilifika Morogoro katikati ya mwaka 2007, toleo la 7.04. Mkufunzi wetu wa fizikia, kijana mwenye subira kuliko umri wake, alisimika mfumo huo kwenye mashine 20 za mitumba tulizopewa na wahisani. Sidii ina orodha yake ndogo ya vilivyomo ndani yake. Vingine vyote, yaani sehemu kubwa sana, lazima orodha yake iletwe kwa mtandao, na mtandao wetu ulikuwa dishi juu ya paa, likitazama setilaiti iliyo yapata kilometa 36,000 juu ya ikweta.

Hapa pana kichekesho ambacho wakati ule sikukijua. Ukisimika Ubuntu na kuiambia uko Tanzania, inaandika katika faili la anwani kwamba bohari yako ni tz.archive.ubuntu.com. Ukiona hizo herufi mbili, tz, unaona fahari. Unadhani kuna ghala mahali fulani Dar es Salaam, pengine Pugu Road. Lakini nchi ambayo haikuwa na kioo chake, jina hilo lilielekezwa kimya kimya kwenye bohari kuu, London. Kwa hiyo swali “Kuna nini?” lilitoka Morogoro chini ya mlima, likapanda angani, likashuka Ulaya, likaenda London, na jibu likarudi njia hiyo hiyo. Mara 20, kwa sababu kila mashine iliuliza kivyake. Orodha ilikuwa megabaiti kama tano au sita kwa mara ya kwanza. Zidisha kwa 20. Na wanachuo walipoharibu mashine, kama ilivyo haki yao, mkufunzi alisimika upya, na orodha ikaletwa upya.

Mapema mwaka 2008 mhasibu aliniletea hesabu za mtandao. Tulikuwa tumevuka kiasi tulicholipia, na kwa mujibu wa maelezo ya maabara, sehemu nzuri ya matumizi ilikuwa “orodha za vifurushi”. Nilimwita mkufunzi.

“Shikamoo, Mkuu.”

“Marahaba. Hizi orodha za vifurushi ni kitu gani?”

“Ni orodha tu, Mkuu. Ya programu zilizopo.”

“Zilizopo wapi? Hapa chuoni?”

“Hapana, Mkuu. Kwenye bohari yao. Sisi bado hatujazileta.”

“Kwa hiyo tunalipia karatasi ya kutuambia vitu ambavyo hatuna.”

Mhasibu alicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa niliona nimesema neno zuri. Mkufunzi hakucheka. Alisema kwamba kuna njia ya kufanya mashine moja ilete orodha na nyingine 19 zichukue kwake, ila inahitaji diski ya ziada, na kwamba aliomba diski hiyo kwa barua. Barua hiyo ilikuwa mezani kwangu kwenye trei ya kushoto, na ilikuwa na majuma saba. Niliandika maelekezo ya nusu ukurasa: uletaji wa orodha usitishwe mpaka hapo itakapoelekezwa vinginevyo. Nikapiga muhuri.

Haikuelekezwa vinginevyo kwa mwaka mmoja na nusu. Kwa muda mambo yalionekana kwenda sawa, jambo ambalo lilinithibitishia hekima yangu. Mashine zilikuwa na orodha ya mwanzoni mwa 2008 na ziliifuata. Programu ambazo hazikuwa zimebadilika zilikuja. Nyingine zilianza kugoma. Mashine iliomba toleo lililotajwa kwenye orodha yake, bohari ikajibu 404, yaani hakipo, kwa sababu toleo hilo lilikwisha kuondolewa na kuwekwa lililorekebishwa. Mkufunzi hakulalamika tena. Mwisho wa mwaka alipata uhamisho akaenda kusini, nami nikamwandikia barua ya sifa ya kawaida.

Katikati ya 2009 wanachuo wa sayansi walikuwa wakijiandaa kwa mazoezi ya kufundisha. Maabara yetu ya kemia ilikuwa na mabomba yasiyo na maji na kabati la chupa zilizofutika majina. Mkufunzi mpya wa kemia alikuja na wazo kwamba kuna programu ya bure iitwayo Kalzium, yenye jedwali lote la elementi na sifa zake, na nyingine, KStars, ya nyota na sayari. Wanachuo wangeweza kujifunza humo na baadaye kuchora chati zao. Nilifurahi. Niliondoa katazo langu kwa barua, na muhuri pia. Tulikaa wote kwenye maabara, yeye akaandika ile amri. Mistari ikaanza kushuka, na kila mstari ukaishia na 404. Akarudia. 404. Safari hii kilichokosekana kilikuwa orodha yenyewe.

Tulidhani dishi limeharibika, lakini barua pepe zilikuwa zikiingia. Tukamwita fundi kutoka mjini. Alikaa saa mbili, akala chakula cha mchana nasi, akaandika kwamba mfumo umekufa na mashine ni za zamani, hazifai. Tulimlipa. Bodi ikaletewa maelezo. Kabla ya mwaka kwisha nilitia saini hati ya kufuta kompyuta 12 kati ya zile 20 kutoka kwenye leja, zikapelekwa stoo, na kutoka stoo zikaondoka kwa bei ya chuma chakavu. Wanachuo wale walikwenda mazoezini wakiwa hawajaliona jedwali lile. Baadhi yao ni walimu wakuu sasa. Huwa tunasalimiana mitaani vizuri tu.

Mwaka huo huo, Julai 2009, waya wa SEACOM ulitua Dar es Salaam kupitia baharini, na kati ya 2009 na 2012 Mkongo wa Taifa ukatandazwa kuelekea mikoani, na Morogoro ukiwa njiani. Gharama niliyokuwa nikiilinda kwa muhuri ikaanza kuyeyuka. Hii ni sehemu ya historia ambayo wengine wameieleza, sitaikalia.

Nilistaafu 2011. Mwaka uliofuata nilikuwa kituo cha mabasi cha Msamvu nikisubiri gari, nikasikia “Shikamoo, Mkuu,” nikageuka, nikamwona yule kijana wa fizikia, amenenepa kidogo. Tulinunua machungwa tukakaa. Sijui ni kwa nini nilimsimulia habari ya zile mashine; labda kwa sababu gari lilichelewa. Alinisikiliza, kisha akauliza lilikuwa toleo gani. Nikamwambia ni lile lile alilosimika yeye. Akatikisa kichwa.

Akanieleza kwamba toleo la 7.04 lilikuwa na ahadi ya kutunzwa miezi 18, na ahadi hiyo iliisha Oktoba 2008. Toleo likiisha muda wake, vifurushi vyake havichomwi moto. Huhamishwa kwenye bohari ya vitu vya zamani, yenye anwani ya old-releases, na orodha yake huhamia huko pia. Mashine zetu zilikuwa zikigonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Ilitosha kufungua faili moja dogo la anwani, kubadili neno moja, na kutoa ile amri tena. Au, vizuri zaidi, kama orodha ingekuwa ikiletwa kila juma mwaka ule, mashine zenyewe zingetuonya kwamba kuna toleo jipya, tungehama mapema.

“Neno moja, Mkuu,” alisema. Hakulisema kwa kunilaumu. Mimi nilimenya chungwa langu hadi likaisha bila kulila.

Kabla hatujaagana nilimuuliza kama kuna lolote mtu wa umri wangu anaweza kujifunza katika mambo haya. Alicheka, akasema kama nilitunza leja miaka 30 basi nimekwisha kujifunza nusu. Alipokuwa likizo alikuja nyumbani mara kadhaa, na ndiye aliyenifundisha kuandika amri hizo kwa vidole vyangu.

Tuliwahi kuifanya kazi hiyo pamoja katika shule moja ya upande wa Matombo isiyokuwa na mtandao. Ilikuwa na kompyuta nne na jenereta. Kuna chombo kiitwacho apt-offline kwa ajili ya mahali kama hapo. Mashine isiyo na mtandao huandika faili dogo la mahitaji yake, unalibeba kwenye flashi hadi kwenye mashine yenye mtandao, hiyo inaleta kilichotakiwa, unarudi nacho. Lakini angalia mpangilio wake. Mashine ambayo haina orodha haiwezi kujua ihitaji nini, kwa hiyo safari ni mbili. Ya kwanza ni ya kuleta orodha. Ndipo mashine inakaa, inapiga hesabu, inatoa karatasi ya pili yenye majina kamili ya vifurushi, na unasafiri tena kuvifuata. Tulitoka Morogoro kwa basi, tukapita Kiroka na Mkuyuni, barabara ikiwa na matope ya masika, flashi ikiwa mfukoni mwangu ndani ya mfuko wa nailoni. Mwalimu mkuu wa shule ile, mtu mstaarabu, alitupokea kwa ndizi na kahawa. Tulipomaliza aliuliza tumeleta nini.

“Leo tumeleta orodha,” nikamjibu. “Mzigo wenyewe tutauleta Jumamosi ijayo.”

Aliniangalia kwa adabu. Niliufahamu vizuri mtazamo ule. Wanne kati ya walimu wake walikuwa wamesimama nyuma yake, na nauli yetu ilitoka kwenye mfuko wa shule. Nikaomba kiti, nikamwomba na yeye aketi, nikafungua mashine na kumwonyesha orodha yenyewe, jina kwa jina, nikimsomea maelezo mafupi yaliyo chini ya kila kifurushi: hiki ni cha hesabu, hiki cha ramani, hiki cha kuwafundisha watoto wadogo kutumia kipanya. Tulikaa hapo mpaka jenereta likaishiwa mafuta. Jumamosi iliyofuata alitutumia gari.

Sasa naishi mjini, chini ya mlima, na asubuhi zisizo na ukungu naiona minara iliyo kileleni Bondwa. Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu na huja na kompyuta yake mwisho wa juma. Amri imefupishwa tangu 2014. Unaweza kuandika apt update tu, na mwishoni inakutajia idadi ya vifurushi vyenye matoleo mapya. Mjukuu huona ni uzee kuitoa kwa mkono, maana mashine yaweza kufanya yenyewe usiku wakati mtu amelala, na simu zetu zote hufanya hivyo bila kutuuliza. Huniachia kiti hata hivyo. Jumamosi iliyopita nilipoitoa, mistari ilishuka kwa muda usiofika nusu dakika, nyingi zikiwa “Hit”, tatu zikiwa “Get”, na chini ikaandika kwamba vifurushi 41 vina matoleo mapya.

“Tuvilete, Babu?” akauliza, mkono wake ukiwa umekwisha kufika kwenye vitufe.

Nikamwambia angoje kidogo, nisome kwanza.